Kinyonga Madhabahuni

1

Chaneli ya saba ilikuwa ikisema uongo, na Subilaga peke yake ndiye aliyeusikia.

Alikuwa ameketi katika chumba kidogo cha sauti ubavuni mwa kanisa, nyuma ya pazia zito, hedifoni masikioni. Upande wa pili wa pazia kwaya ilikuwa kwenye mazoezi ya mwisho kabla ya Sikukuu ya Mavuno. Gitaa la solo lilikuwa likilia kama lilivyolia miaka yote, kwa madaha, likipanda juu ya sauti za akina mama na kushuka taratibu mpaka kwenye besi. Mtu angefumba macho angesema Mzee Angetile amerudi ujanani.

Subilaga hakufumba macho. Alikuwa akitazama mistari miwili ya chaneli ya saba, ile ya gitaa, kwenye kioo cha meza yake. Mstari wa kijani ulionyesha sauti iliyotoka mkononi mwa mpigaji. Wa njano ulionyesha ile iliyotungwa na gitaa lenyewe. Mwaka jana kijani kilijaza kioo, na njano ilikuwa ndogo kama ukucha. Sasa ukucha ulikuwa wa kijani.

Akabonyeza kitufe ili asikie nyuzi tupu, bila msaada wa gitaa. Zikamjia zikikwaruza na kurukiana, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya kopo la misumari. Akakiachia haraka, akajisikia vibaya, kana kwamba amefungua mlango wa bafu na kumkuta mtu mzima.

Mtu mwenyewe, Mzee Angetile, alikuwa mkwe wake, baba wa mume wake. Katika ukoo ule desturi ilikuwa haijalegea hata baada ya mashine kuanza kuchuma chai yote ya Tukuyu na kuacha vikapu vikioza darini. Mke wa mwana hamtazami mkwe usoni, hamwiti jina, wala hasemi naye. Wakikutana njiani, Subilaga huingia migombani mpaka mzee apite. Ndiyo maana chumba cha sauti kilikuwa na pazia. Ndiyo maana pia, kwenye skrini ndogo iliyomwonyesha madhabahu, alikuwa amebandika kipande cha karatasi upande anaposimama mzee. Tangu aolewe hakuwahi kuuona uso wake sawasawa. Lakini mikono yake aliijua. Kwa miaka yote hiyo ilikuwa imemwimbia masikioni, na alikuwa akirekodi kila ibada na kuhifadhi.

Rekodi hizo ndizo zilizomlisha kinyonga.

Kinyonga ndilo jina watu walilolipa gitaa lile jipya, kwa sababu hugeuka. Chini ya kila uzi lina sikio lake dogo, na ndani yake mna hesabu zinazoweza kuugeuza mtikisiko wa uzi kuwa sauti ya gitaa lolote utakalo, la mbao au la umeme, la leo au la enzi za mababu. Toleo hili la karibuni liliweza jambo jingine. Ukililisha rekodi za mpigaji mmoja, hujifunza mkono wake. Hujua anapenda kuchelewa wapi na kuwahi wapi, na hukisia noti inayofuata kabla kidole hakijafika. Ipyana, mume wa Subilaga, ndiye aliyelileta baba yake alipoanza kutetemeka mikono. Lilikuwa liwe mkongojo wa kumshikilia mpaka siku ya upasuaji, basi.

Lakini mzee alisimama madhabahuni, akapiga, akasikia sauti yake ya zamani, akapiga magoti na kulia. Tangu siku hiyo alisema ameponywa.

Wimbo ulikwisha. Pazia likatikisika, Gwantwa akachungulia. Yeye alikuwa kiongozi wa kwaya, binti wa mzee, na wifi yake Subilaga.

"Wifi, uso huo wa nini? Kama umemeza kwinini bila maji."

"Nimechoka tu."

"Baba anasema kesho umwongezee gitaa sikioni."

Kabla hajajibu, sauti ya mzee yenyewe ikapenya pazia, ikisema na hewa kama kawaida yake. "Aliyeko kwenye sauti asisahau. Kesho nataka niisikie vizuri kazi ya Bwana. Nitatoa ushuhuda."

Gwantwa akapunguza sauti. "Umesikia? Ushuhuda. Na ibada inarushwa wilaya nzima."

"Ushuhuda gani?"

"Kwamba haendi hospitali. Anawaachia nafasi yao."

2

Mchana ule walikaa jikoni, watatu, mvua ikipiga bati. Gwantwa alikuwa akimenya ndizi kwa hasira, maganda yakiruka mpaka mlangoni.

"Kesho jua likizama bila baba kuweka kidole kwenye simu kukubali upasuaji, nafasi inakwenda kwa mwingine," alisema. "Na daktari hakuficha. Mwaka ujao ugonjwa utakuwa umeshapita mahali ambapo waya wao wa kumwekea ubongoni unafika. Si mikono tu, kaka. Juzi amepaliwa na uji mpaka macho yakageuka. Koo nalo linaondoka."

"Nimemwambia," Ipyana alisema. "Nilikaa naye chini nikamweleza, baba, ni gitaa linalopiga. Unajua alinijibu nini? Gitaa ni ubao, haliwezi kumpigia mtu. Nikamwambia basi chukua lile la zamani ujaribu. Akaniuliza kama namfundisha kumjaribu Mungu."

"Lile la zamani lilikuwa halidanganyi mtu."

"Lile la zamani, dada, ulilisahau? Ukungu wa hapa ulikuwa unalivimbisha kama maandazi. Tulikuwa tunalilaza na mfuko wa mchele ndani ya sanduku ili likauke, na bado katikati ya wimbo linapotea. Kinyonga havimbi, hapotezi sauti, na mzee haumii bega kumbeba. Gitaa moja limekuwa magitaa kumi. Hilo nalo ni baya?"

"Zamani nikisikia gitaa nikiwa barabarani nilijua hii ni kwaya ya Masoko, ile ya Kyimbila. Siku hizi wote wamenunua mkono mmoja wa marehemu mmoja, wanalia sawasawa kama kuku wa kizungu. Na hiyo kampuni ya kinyonga ikifunga milango, utabaki na ubao wa kukatia mchicha."

Subilaga akacheka bila kutaka. Ipyana hakucheka. Alimgeukia mkewe.

"Mama Lugano, wewe unasemaje? Wewe ndiye unayeshika vitufe."

"Vizime," Gwantwa alidakia. "Kesho akianza tu, vizime, wote wasikie."

"Mbele ya wilaya nzima?" Ipyana akasimama. "Unataka kumvua nguo baba yako kanisani?"

"Nataka awe hai!"

Mvua iliongezeka.

"Baba anavaa miwani akisoma Biblia," Ipyana alisema baadaye kwa upole, akimwangalia mkewe. "Hakuna anayesimama kusema si yeye anayesoma."

"Miwani humwonyesha, baba Lugano. Haimsomei."

"Na kama Mungu ametumia hilo gitaa kumpa furaha ya mwisho? Daktari mwenyewe amesema waya unaweza kutuliza mkono na kuufanya usahau gitaa kabisa. Tunamnyang'anya hili, halafu tunampa nini?"

Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha Subilaga usingizi. Mungu aliyeumba mizizi iponye tumbo hashindwi kutumia hesabu na umeme. Yeye ni nani aseme uponyaji huu ni halali na ule si halali? Lakini uponyaji wa kweli, alifikiri, haumwogopi mgonjwa. Huu ulikuwa ukiogopa mzee asikie.

"Kuna njia nyingine," alisema polepole. "Spika za kanisani na kisikizi cha sikioni mwake ni njia mbili tofauti. Watu wanaweza kusikia kinyonga, na yeye akasikia nyuzi."

Gwantwa akaacha kumenya.

"Yaani yeye peke yake?"

"Yeye peke yake. Halafu aamue mwenyewe."

"Katikati ya ibada," Ipyana alisema. "Mkamwana amfanyie mkwe wake hivyo, madhabahuni. Unajua watamwita nini? Unajua watakuita nini?"

"Kwenye mazoezi hatakubali tena, kashamaliza. Na nyumbani haligusi." Subilaga akaanza kuokota maganda ya ndizi. "Sijasema nitafanya. Nimesema ipo njia."

3

Jumapili alifika kabla ya watu, akapiga magoti kati ya nyaya.

"Bwana," aliomba, "kama nanyamaza kwa heshima, nipe amani. Kama nanyamaza kwa woga, ninyang'anye hata hiyo kidogo niliyo nayo."

Alingoja. Mlango mkubwa wa kanisa ukafunguliwa, watu wakaanza kuingia na mikungu ya ndizi, mahindi, na vikapu vya viazi vya sadaka. Amani haikuja. Akainuka, akavaa hedifoni.

Ibada ilikwenda vizuri mpaka zamu ya kwaya. Mchungaji akamkaribisha Mzee Angetile. Subilaga alimsikia akikohoa, kisha vipaza sauti vikabeba sauti yake nene.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mikono hii nyumbani haishiki kikombe. Mnanijua, sifichi. Binti yangu hunilisha kama mtoto, na yeye hunisema kama mtoto pia." Watu wakacheka. "Lakini nikisimama hapa, mikono hii hutii. Hapa tu! Nikauliza, Bwana, mbona hapa tu? Nikajibiwa moyoni: kwa sababu hapa ndipo ninapoihitaji. Kwa hiyo wale wa hospitali nawaambia, nafasi yangu wampe mwingine. Daktari wangu ninaye!"

Kanisa likapasuka kwa vigelegele. Wazee walipiga miguu chini, mama mmoja akaanza kuimba kabla ya kwaya. Na ndani ya vigelegele hivyo gitaa likaingia.

Lilikuwa zuri. Subilaga alitamani lingekuwa baya. Lilikuwa mzee mwenyewe wa miaka kumi iliyopita, na kile kicheko kidogo alichokuwa akikiweka mwisho wa kila mstari. Kwenye kioo njano ilikuwa imefika juu kabisa, kijani hakionekani.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Ubeti wa kwanza ukapita. Kiitikio kikapita. Alimwona mzee kwa mawazo akipaliwa na uji, Gwantwa akimpiga mgongo. Alimwona pia akilia kwa furaha. Ubeti wa pili ukaanza, na akajua kwamba akingoja wa tatu hatakuwa na nguvu tena.

Akasukuma vitufe viwili. Kimoja kikaondoa kinyonga katika sikio la mzee. Kingine kikampandishia nyuzi tupu.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Akabandua karatasi kwenye skrini.

Mkwe wake alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye nyusi za mvi, na suti iliyompwaya mabegani. Alikuwa amekunja uso kama aliyeonja chumvi mahali pa sukari. Aliinua mkono mmoja, akagonga kisikizi kwa kiganja, akarudi kupiga. Akasikiliza. Akatazama vidole vyake vya kushoto, vilivyokuwa vikirukaruka juu ya nyuzi vikikosa kila mahali, kisha akawatazama watu, waliokuwa wakicheza kwa wimbo usio na kosa hata moja.

Subilaga alimwona akielewa. Ilikuwa kama kumwona mtu akisomewa jina lake katika orodha ya waliokufa.

Mzee akainua mikono yote miwili kutoka kwenye gitaa.

Kinyonga hakunyamaza. Alikuwa ameshakisia mstari mpaka mwisho, naye akaumaliza: akapanda, akashuka, akaweka na kile kicheko kidogo cha mwisho. Mikono ya mzee ilikuwa hewani, ikitetemeka mbele ya macho ya watu wote, na gitaa likiimba kifuani pake peke yake.

Ikalipuka kelele ambayo kanisa lile halikuwahi kuisikia.

"Linapiga lenyewe!"

"Malaika! Malaika wanapiga!"

"Haleluya! Mikono juu!"

Watu wakaanguka magoti. Mchungaji mwenyewe alikuwa amefunika uso. Kwaya ikaacha kuimba, isipokuwa Gwantwa, aliyesimama wima, mdomo wazi, akitazama pazia. Subilaga alitaka mtu mmoja asikie ukweli, naye alikuwa amewapa watu wote uongo mkubwa zaidi. Mzee alihitaji tu kunyamaza, na muujiza huu ungesimuliwa mpaka wajukuu wa wajukuu. Angekufa na heshima. Angekufa mapema.

Kwenye skrini mzee aligeuza uso kutoka kwenye kipaza sauti. Midomo yake ikasogea. Kipaza sauti kidogo kilichokuwa shingoni mwa gitaa, kilichosikika chumba cha sauti tu, kikamletea Subilaga mnong'ono.

"Aliyeko kwenye sauti. Hii ya sikioni ndiyo mikono yangu?"

Hakuuliza hewa safari hii. Alimuuliza mtu, na mtu huyo alikuwa na kitufe cha kumjibu sikioni. Subilaga alikitazama. Hakuwa amewahi kukibonyeza kwa chaneli ya saba.

Akakibonyeza.

"Ndiyo, baba."

Mzee alifumba macho aliposikia sauti ile.

"Tangu lini?"

"Kidogo kidogo. Tangu mvua za masika, yote."

"Na ile niliyokuwa naisikia?"

"Ni wewe wa zamani. Mimi ndiye niliyempa kinyonga rekodi. Nisamehe, baba."

Kelele ziliendelea. Mama mmoja alikuwa ametambaa mpaka miguuni mwa mzee, akigusa viatu vyake. Mzee alimtazama mama yule kwa muda mrefu. Kisha akanong'ona tena.

"Zima. Huko kwao pia. Wape hii yangu."

"Baba, si lazima. Unaweza ku—"

"Nimesema zima, mwanangu."

Akazima.

Mzee akaushusha mkono wa kulia juu ya nyuzi, mbele ya wilaya nzima, akapiga. Kopo la misumari likamwagika kwenye spika zote. Watoto waliziba masikio. Akapiga mstari mzima hivyo hivyo, bila haraka, mpaka mwisho, na pale penye kicheko kidogo uzi ulilia vibaya kama bawaba.

"Mmeisikia," alisema kwenye kipaza sauti. "Hiyo ndiyo mikono yangu. Ile nyingine ilikuwa mashine. Niliwaambia nimepona, na sijapona. Niliambiwa na mwanangu, nikamwita mwenye imani haba. Bwana anisamehe, na ninyi mnisamehe."

"Usikane, mzee!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Usiukane muujiza!"

"Ulikuwa betri, ndugu yangu," mzee akasema.

Wengine walicheka kwa aibu. Wengine waliinuka wakatoka, wakiburuta viti kwa makusudi ili wasikike. Mama aliyekuwa miguuni alirudi nyuma akijifuta magoti, bila kumtazama mtu. Gwantwa akaanza wimbo bila gitaa, sauti yake ikikwama mwanzoni. Kwaya ikamfuata, waliobaki.

4

Ibada ilikwisha bila mnada wa mazao. Mchungaji alipita karibu na chumba cha sauti, akasimama kidogo, akaenda zake. Subilaga alikuwa akikunja nyaya aliposikia hatua za kuburuta, na sauti ya Ipyana ikisema, "Taratibu, baba. Hapa pana ngazi."

Akainuka kutafuta mlango wa nyuma. Chumba kile hakikuwa na mlango wa nyuma.

"Akae," mzee alisema nje ya pazia. "Nilishasema naye na yeye kashasema nami. Yaliyovunjika yamevunjika. Fungueni."

Ipyana akavuta pazia. Subilaga aliinamisha uso, akaona viatu vya mzee, vumbi la mahindi juu yake.

"Umeniumiza," mzee alisema.

"Ndiyo, baba."

"Sijui kama nitaacha kuumia. Sitaki useme tena pole." Alivuta pumzi. "Lakini kati ya watu wote wa nyumba yangu, wewe ndiye uliyeisikia mikono hii yote miwili, ya zamani na ya sasa. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Wakishaniweka huo waya, nitapiga tena?"

Ipyana alifungua kinywa. Mzee akamnyamazisha kwa kidole.

Subilaga alifikiria maneno yote mazuri ambayo mtu angeweza kuyasema mahali pale, na jinsi yangepokelewa vizuri.

"Sijui, baba," alisema. "Daktari anasema inawezekana mkono ukatulia na gitaa likapotea."

"Hata baya kama la leo?"

"Hata hilo."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Nje watu walikuwa wakibishana kwa sauti, jina lake likitajwa na kutajwa tena.

"Ipyana, lete hiyo simu."

Ipyana akaifungua, akaipata ile fomu ya hospitali, akamshikia. Mzee akapeleka kidole gumba kwenye kioo. Kidole kikaruka, kikagusa pembeni, kikaruka tena. Simu ikalia kukataa. Akajaribu mara ya pili, akiubana mkono mmoja kwa mwingine, lakini mikono yote ilikuwa ikitetemeka, na kila mmoja uliuongezea mwenzake. Simu ikakataa.

"Weka chini," Gwantwa alisema, akiingia mbio na joho lake la kwaya. "Upumzike kwanza, baba."

"Nikipumzika nitabadili nia," mzee akasema. "Shikeni huu mkono."

Ipyana alikuwa ameshika simu. Gwantwa alikuwa bado mlangoni, amezuiwa na nyaya sakafuni. Aliyekuwa karibu alikuwa mmoja.

Subilaga akanyoosha mikono yake, akaukamata mkono wa mkwe wake kwa viganja viwili. Ulikuwa na joto, na ulipiga ndani ya mikono yake kama ndege. Hakuubana. Aliushikilia tu, mpaka mtetemo ukapungua kidogo, akakiongoza kidole gumba mpaka kwenye kioo na kukikandamiza hapo.

Simu ikanyamaza kwa muda. Kisha ikatoa mlio mmoja mfupi.

"Imekubali," Ipyana alisema.

Hakuna aliyeshangilia. Mzee hakuuondoa mkono wake, na Subilaga naye hakujua ni nani kati yao anayepaswa kuuachia kwanza.